“Nitafanya” au “Haturudi Nyuma”? Ubishi juu ya Kidum na suala la kiambishi

Toleo hili tunaliandika tukiwa bado na sauti za ubishi masikioni. Ulianza kama mchezo. Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walikuwa wakingojea somo la mofolojia kwenye kampasi ya Mutanga, simu ya mmoja wao ikapiga wimbo, mwingine akasema huo ndio bora kuliko zote za Kidum, na wa tatu akamwambia kwamba hajui muziki. Somo lilipoanza ubishi ulikuwa haujaisha. Lilipokwisha, ulihamia kwenye kituo cha basi, na baadhi yetu tulioshuka nao hadi mjini tulikuta suala lilelile likijadiliwa kwenye kabare moja ya Bwiza, kati ya watu wazima wasiojua lolote kuhusu darasa letu. Ndipo tukaona kwamba idara haina budi kusema neno.

Kwa wasomaji wetu walio mbali, tueleze kwanza jambo lenyewe. Jean-Pierre Nimbona, tunayemjua kwa jina la Kidum, ni mtoto wa Bujumbura. Alianza kama mpiga ngoma, wa dramu, na hilo ni muhimu, kwani mpaka leo akiimba unasikia kwamba anahesabu. Vita vilivyofuata mwaka 1993 vikampeleka Nairobi kama vilivyowapeleka wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina lake lilivuma hapa nyumbani kwa wimbo wa Kirundi, “Yaramenje”, wimbo wa amani katika nchi iliyokuwa bado inapigana. Kisha, akiwa na kundi lake la Boda Boda Band, akageukia soko la Afrika Mashariki. Karibu na mwaka 2010 zikatoka nyimbo za mapenzi, za Kiswahili, za kupokezana na waimbaji wa kike waliokuwa tayari na majina makubwa katika nchi zao: “Nitafanya” pamoja na Lady Jaydee wa Tanzania, na “Haturudi Nyuma” pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Hicho ndicho kipindi ambacho mashabiki wake hukiita, wengine kwa sifa na wengine kwa kebehi, kipindi cha biashara.

Kambi ni tatu. Ya kwanza husema “Nitafanya”, basi, hakuna mjadala. Ya pili husema “Haturudi Nyuma”. Ya tatu, yenye vijana zaidi, hutaja “Mulika Mwizi”, jina ambalo kule Kenya ni jina la mitaani la simu ya bei rahisi yenye tochi. Kuna na kambi ya nne, nayo si kambi hasa, ni mzee mmoja kwenye kila meza anayesema kwamba Kidum halisi ni wa “Yaramenje”, wa “Intimba y’urukundo” na wa “Amosozi y’urukundo”, na kwamba hayo mengine ni pesa tu. Mzee huyo hatumdharau. Tutamrudia.

Ubishi wa namna hii si wa kwetu pekee. Mwaka 1983 mwanamuziki wa roki wa Uingereza, David Bowie, alitoa albamu ya Let’s Dance akishirikiana na Nile Rodgers, mtu wa muziki wa kuchezeka, na ghafla yule aliyekuwa wa wachache akawa wa kila mtu. Mpaka leo wapenzi wake hukaa wakipima: “Modern Love” au “China Girl”, au wimbo uliobeba jina la albamu? Na daima yupo mmoja anayesema kwamba hiyo yote ni takataka na kwamba Bowie wa kweli aliishia miaka ya 1970. Bowie mwenyewe alikuja kukisema kwa majuto kipindi kilichofuata mafanikio hayo. Tofauti yetu ni moja, nayo ndiyo sababu makala haya yako katika jarida la idara ya Kiswahili: Bowie alipoingia sokoni alibadili mdundo na mavazi. Kidum alipoingia sokoni alibadili lugha.

Mrundi anayetaka kuuza huongea Kiswahili. Hii si siri. Mji huu, uliokuwa kituo cha Wajerumani chenye jina la Usumbura, ulipata Kiswahili chake kutoka kwa askari na wafanyabiashara waliokuja kwa njia ya Ujiji na ziwa, na tangu hapo lugha hii imekuwa na makao yake Buyenzi na Bwiza, kwenye gereji, kwenye vipuri, kwenye vitambaa, na kwenye lile soko kuu lililoteketea Januari 2013. Kwa sababu hiyohiyo imebeba doa. Kila msomaji wetu Mrundi anajua kwamba kumwita mtu “umuswahili” katika Kirundi si lazima kumsifu. Aghalabu ni kusema kwamba ana maneno mengi na ukimgeuzia kisogo atakuuzia gari lako mwenyewe. Kwa hiyo mzee wa kambi ya nne anaposema “nyimbo za biashara” anasema mambo mawili kwa pamoja, pengine bila kujua. Anasema kwamba ni nyimbo za kuuza, na anasema kwamba ni nyimbo za Kiswahili. Sisi tunaofundisha lugha hii hatuwezi kulisikia hilo na kunyamaza.

Aliyetangulia katika njia hii ni Khadja Nin. Mzaliwa wa Burundi mwaka 1959, aliyehamia Ubelgiji, naye alipata soko kubwa la Ulaya kwa Kiswahili, hasa kwa albamu ya Sambolera ya mwaka 1996. Wapenzi wake wenye umri wetu nao wana ubishi wao, kati ya “Sambolera mayi son” na “Sina mali, sina deni”. Sisi tunaichagua hiyo ya pili, na sababu ni ya kiisimu kabisa. Wimbo huo ni wa Stevie Wonder, ambao kwa Kiingereza jina lake ni neno moja tu lenye maana ya kuwa huru. Mfasiri wa kawaida angeandika “Huru” akaenda kulala. Aliyeandika “Sina mali, sina deni” alikataa sifa akachagua kukanusha mara mbili, kwa vipande vinavyolingana mizani, hata mtu asiyejua chimbuko lake hudhani ni methali ya pwani. Uhuru hapa haukutajwa, umehesabiwa: toa mali, toa deni, kinachobaki ndicho. Wanafunzi wa tafsiri wanaotuuliza tofauti ya kufasiri neno na kufasiri wazo tunawapa mfano huu kila mwaka.

Lakini Khadja Nin aliwauzia watu ambao wengi wao hawakuelewa neno hata moja. Kwao Kiswahili kilikuwa sauti nzuri. Kidum alijitia katika mtihani mgumu zaidi, maana aliwauzia wenye lugha. Dar es Salaam inasikia kosa la upatanisho wa kisarufi hata katikati ya gitaa. Hapo ndipo ubishi wa kambi mbili za kwanza unapopata uzito, na hapo ndipo tunapotofautiana na wengi wa wanafunzi wetu.

Wanaoipenda “Nitafanya” wana hoja nzuri. Kwanza kuna Lady Jaydee, ambaye sauti yake haihitaji kusukumwa. Yeye akitamka Kiswahili neno linakaa mahali pake kama kikombe kwenye kisahani. Pili kuna jina lenyewe. “Nitafanya” ni sentensi kamili: kiambishi cha nafsi ni-, kiambishi cha wakati ujao -ta-, na mzizi. Mwenzetu mmoja wa idara, ambaye kalamu yake nyekundu inajulikana, alisema kwamba angekuwa yeye angeandika pembeni: “Utafanya nini?” Kitenzi hiki kinadai yambwa, naye mwimbaji amekiacha wazi. Tulicheka, lakini tukadhani mwenzetu amegusa penyewe. Mpenzi anayesema atafanya, bila kusema nini, ametoa hundi isiyo na tarakimu. Ndiyo utamu wa wimbo, na ndiyo udhaifu wake pia. Katika Kirundi jambo hili ni gumu zaidi kulisema. Ulimi wa Mrundi unataka “nzobikora”, pamoja na kile kiambishi cha katikati kinachokishika kitu kinachofanywa. Kiswahili kilimpa Kidum nafasi ya kuahidi bila kutaja, naye akaitumia. Msemo wa mitaani ungesema kwamba huo ndio uswahili wenyewe.

Sisi tunaichagua “Haturudi Nyuma”. Tunajua kwamba tutapoteza marafiki.

Tazameni jina kwanza. Mtu angetazamia “hatutarudi nyuma”, wakati ujao, kama wanavyosema wanasiasa majukwaani na wafanyakazi waliogoma. Waimbaji hawa wawili hawakusema hivyo. Wamesema “haturudi”, ukanushi wa wakati uliopo, ambao kwa Kiswahili ni zaidi ya wakati uliopo, kwani hutumika pia kwa jambo ambalo ni desturi, lisilobadilika, kama tunaposema kwamba mto haupandi mlima. “Hatutarudi” ni ahadi, na ahadi huvunjwa. “Haturudi” ni tabia, ni kusema jinsi tulivyo. Kirundi kina tofauti hiyohiyo, ndiyo maana tunadhani Mrundi aliisikia vizuri: “ntituzosubira inyuma” ni jambo moja na “ntidusubira inyuma” ni jambo jingine. Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Ngozi, aliyepewa zoezi la kuliandika jina la wimbo kwa Kirundi, alichagua la pili bila kusita, na alipoulizwa kwa nini alijibu: “Mwalimu, hilo la kwanza ni kama mtu anayeogopa.” Hatujaona ufafanuzi bora katika vitabu.

Kisha tazameni nafsi. “Nitafanya” ina ni-. Hata mwimbaji wa pili akiingia na kujibu, jina linabaki la mtu mmoja anayejieleza, na mwingine amepokea maelezo. “Haturudi” ina tu-. Haiwezi kuimbwa na mtu mmoja bila kuwa uongo. Na huyo wa pili ni nani? Ni Juliana wa Kampala, mji ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani, na ambako nako lugha hii ilibeba doa lake, la kambi za wanajeshi. Basi Mrundi na Mganda, kila mmoja akiwa ameacha lugha ya mama mlangoni, wamekutana katika lugha ya tatu ili kusema “sisi”. Ukimweka Kidum pamoja na Jaydee, mmoja yuko kwao na mwingine ni mgeni aliyekaribishwa vizuri. Ukimweka pamoja na Juliana, wote wawili ni wageni, na nyumba ni yao sawasawa. Wasomaji wetu walioanza kujifunza Kiswahili shuleni baada ya kuingizwa katika mtaala katikati ya miaka ya 2000, au waliokijali baada ya nchi yetu kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wataelewa kwa nini hilo linatugusa zaidi ya matamshi safi.

Kuhusu matamshi, tuseme la mzaha. Ugonjwa wetu Warundi wa kuchanganya r na l unajulikana mpaka Kigoma. “Haturudi Nyuma” haina l hata moja. “Nitafanya” haina r wala l. “Mulika Mwizi” ina l moja, na tumemsikia kijana mwenye bidii akiiagiza kwenye kabare kwa jina la “Murika”. Hatumhukumu. Wimbo huo wa kambi ya tatu tunaupita haraka: jina lake ni amri kwa mtu mwingine, linachekesha, linafaa kuchezwa, na wanaolipenda wana miguu mizuri kuliko yetu.

Sasa tumrudie mzee. Hoja yake, tukiiondoa hasira, ni kwamba nyimbo za Kirundi zina kina na za Kiswahili hazina. Msamiati wa mapenzi katika nyimbo hizi za sokoni kweli ni mwembamba. Ni maneno ambayo msikilizaji wa Mombasa, wa Mwanza na wa Bukavu atayapata bila kamusi, na maneno yanayoeleweka na kila mtu huwa yamekwisha kutumiwa na kila mtu. Mtu anayetafuta taswira mpya au fumbo la kumkosesha usingizi hatalipata hapa. Katika fani, tunampa mzee pointi.

Lakini tulipoyapanga majina ya nyimbo ubaoni tuliona jambo ambalo mzee hakuliona, wala sisi hatukuwa tumeliona. “Yaramenje” ni kitenzi cha wakati uliopita, cha nafsi ya tatu: linasemwa jambo lililokwisha kutendwa na mtu mwingine. “Intimba y’urukundo” na “Amosozi y’urukundo” si vitenzi, ni nomino: huzuni ya mapenzi, machozi ya mapenzi. Katika Kirundi chake Kidum anapotaja mapenzi, kinachokuja mbele ni kilio. Kisha unavuka mpaka wa lugha na kila kitu kinasogea. “Nitafanya”, nafsi ya kwanza, wakati ujao. “Haturudi Nyuma”, nafsi ya kwanza wingi, wakati usiokwisha. Hatusemi kwamba alikaa chini akapanga hivyo. Wasanii hawafanyi kazi kwa jedwali la vitenzi. Tunasema kwamba mtu aliyekuwa analia kwa lugha moja alianza kuahidi kwa lugha nyingine, na kwamba lugha hiyo ya kuahidi ndiyo ile tunayoambiwa ni ya walaghai wa sokoni.

Na kuna suala la lini. Mwaka 2009 kundi la mwisho kubwa la waasi lilikuwa limeweka silaha chini na kuwa chama cha siasa. Wimbo huu ukatufikia tukiwa katika hali hiyo. Mtu anayeuita wimbo wa mapenzi hakosei, kwani ni mwanamume na mwanamke wanazungumza na hakuna siasa ndani yake. Lakini wengine wetu tuliokuwa hapa tulisikia redioni sauti mbili zikisema kwamba hatuendi tena kule tulikotoka, na hatukuwa tukiwafikiria wapenzi. Kwa maoni yetu mwimbaji wa “Yaramenje” hakupotea. Alivaa suti, akabadili lugha, akaendelea na kazi ileile.

Hapo mmoja wa wanafunzi alitunyamazisha. Familia yake ilivuka kwenda Tanzania mwaka 2015, kati ya watu wetu zaidi ya 400,000 walioondoka tangu mwaka huo, na ikarudi baadaye. Alisema kwamba kambini wimbo huo ulipigwa sana, na kwamba vijana walikuwa wakiuimba kwa utani wakibadili neno moja: badala ya “nyuma” wanaweka “nyumbani”. Wengine walicheka. Mama yake alikuwa akiwafokea. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni silabi mbili tu, tena kwa asili moja ni kisa cha mahali na jingine ni kisa cha nyumba, lakini siku hiyo darasani hakuna aliyetaka kuchambua mofolojia. Tulimwuliza kama yeye anaona wimbo huo ndio bora. Akasema hapana, yeye ni wa “Nitafanya”. Mama ndiye anayeipenda “Haturudi Nyuma”, siku hizi tena, akiwa jikoni, kwa maneno yake ya awali.

Ubishi haujaisha. Wanaotaka kutujibu, hasa kambi ya Jaydee ambayo tunajua imekasirika, walete makala yao idarani, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kurasa zisizozidi tatu, na watuambie wazi yambwa ya kile kitenzi iko wapi.